Siku Fils Nus Walipopiga Kalemie

Kalemie, tarehe 11 Februari 2024

Yaya Numbi,

Barua hii anakuletea Mama Bertille, yule anayepeleka samaki wa migebuka Kabalo kwa treni. Usishtuke, kaka yangu, kuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii. Hakuna aliyekufa.

Ziwa limepanda tena. Safari hii halikuishia barabarani, liliingia mpaka vyumbani, na nyumba ya Papa na Mama kule Kataki tumeiacha. Nimehamia kwa mwanangu Laure, huku mlimani. Bado nafundisha darasa la tano, ila nusu ya madawati yameharibika kwa maji na watoto wanaandikia magotini.

Tulipokuwa tunahamisha vitu, sanduku la makaratasi lilifumuka mikononi mwetu. Ndani ya kitabu changu cha kwaya nilikuta tikiti ya kikundi chenu uliyonipa: Fils Nus, Jumapili tarehe 16 Julai 1989, saa tisa alasiri, ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Herufi F mlikuwa mmeichora kama waya unaotoa cheche. Tikiti haijachanwa. Nilikaa nayo juu ya gunia la vyombo mpaka Laure akaniuliza kama naumwa.

Yaya, wengine wanajuta kutokwenda Ulaya au kutoolewa na fulani, mimi majuto yangu njo haya. Kikundi cha roki kilikuwa kimoja tu katika mji huu wote. Mpiga gitaa wake alilala chumba cha pili na changu, akala sahani moja na mimi, na sikumwona hata siku moja akiwa jukwaani. Nyumbani ulikuwa unafanya mazoezi bila umeme, nyuzi zinalia kama mbu. Hicho tu njo nilichosikia. Wengine walisikia ile yenyewe.

Nakuomba uniandikie siku ile ilivyokuwa. Mlianza na wimbo gani? Ulivaa nini? Nina namba ya simu ya Banza, mpiga ngoma wenu, lakini kwenye simu nashindwa kuuliza mambo kama haya. Nikianza tu, sauti inakatika, na si kwa sababu ya mtandao.

Mudogo wako,
Evodie

*

Kabalo, tarehe 20 Machi 2024

Evodie, mudogo wangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Mama Bertille alinikuta nimekaa mlangoni, akasema ninafanana sana na wewe. Nikamwambia wewe njo unafanana na mimi.

Unauliza siku ile. Nitakuambia.

Sali, ule ukumbi wa reli, ilijaa kabla ya saa nane. Walioshindwa kuingia walipanda madirishani. Bafle, zile spika, zilikuwa mbili, moja imepasuka, inatoa sauti kama mtu mwenye mafua. Ngozi ya ngoma kubwa ya Banza ilikuwa imetoboka, akaiziba kwa picha ya mbavu za mtu, zile picha nyeusi za hospitalini. François alikuwa na nyuzi tatu kwenye besi yake badala ya nne. Mikro ya kuimbia ilikuwa na umeme: ukiigusa kwa mdomo inakupiga. Ndiyo maana tulijiita Fils Nus, waya uchi. Éliézer alikuwa mwimbaji, yeye hakuogopa. Alivua viatu, akasimama juu ya kipande cha mpira, akaimba hivyo saa mbili nzima.

Nilivaa shati la Papa la kazi, lile la bluu, nimekata mikono.

Wimbo wa kwanza haukuwa na jina. Tulipoanza, watu walishika masikio. Walikuwa wamezoea gitaa inayobembeleza, na hii yetu ilikuwa inapiga kelele kama chuma kinachokatwa. Mke wa mkuu wa stesheni alitoka nje. Wimbo wa pili akarudi, na wa tatu alikuwa mbele kabisa, kilemba mkononi. Kuna pahali katika wimbo ule wa mwisho ambapo sisi wote tunanyamaza, gitaa inabaki peke yake inapanda, inapanda, halafu batri, ngoma za Banza, inaingia. Ilipoingia, sali nzima iliruka pamoja. Niliona vumbi likitoka kwenye dari. Nimeishi miaka sitini na moja, na kama mtu akiniuliza niliishi lini, nitamwambia dakika ile.

Kaseti ilikuwepo moja. Baadaye mke wa François akarekodi maombi juu yake. Hakuna nyingine.

Lakini Evodie, na wewe ujue. Tulianza kwa kuchelewa nusu saa kwa sababu yako. Nilikataa kuanza. Nilimtuma Banza akimbie nyumbani akuangalie, akarudi ametokwa jasho akasema: "Mzee amemfungia ndani, ameondoka na ufunguo." Hapo ndipo nilipopiga. Watu walifikiri nina hasira ya muziki.

Nyumbani sikurudi tena, na wiki iliyofuata tulipanda treni ya mizigo na vyombo vyetu, tukisema tunakwenda Lubumbashi. Hatukufika mbali kuliko hapa. Éliézer vita vilimchukua mwaka wa tisini na nane. Na Papa sikumwandikia tena. Mlipotuma habari mwaka wa 2006 kwamba amekufa, nilikuwa na nafasi ya kuja, na nauli ilikuwepo. Sikuja. Nilisema, mtu aliyemfungia dada yangu asinione ninamlilia. Mpaka leo sijutii.

Wewe huna kosa. Ulikuwa mutoto chini ya mkono wa baba. Na usisikitike sana, maana sisi bado tunapiga kila Jumapili baada ya misa, mimi na Banza na François. Siku ukija utatuona.

Yaya wako,
Numbi

*

Kalemie, tarehe 14 Aprili 2024

Yaya,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana. Hii nitaipeleka.

Papa hakunifungia.

Ile Jumapili, baada ya chakula, alinikuta nimekaa na tikiti mkononi. Nilidhani atanifokea. Aliniambia: "Nenda. Mimi katekista siwezi kuonekana pale. Wewe nenda, halafu uje uniambie mwanangu anafanya nini akiwa mbele za watu." Akatoa viatu vya marehemu Mama vyenye kisigino kidogo, akavifuta kwa shati lake, akanipa nivae. Kisha akaenda kumpelekea mgonjwa komunyo.

Nilifika mpaka mlangoni pa ukumbi. Nilikuwa karibu kutoa tikiti nilipowaona Émérence na Odile, wa kwaya, wanapita kutoka parokia. Odile aliuliza kama na mimi nimeanza kwenda kwa mashetani. Walicheka wote wawili. Mwezi ule njo nilikuwa nimechaguliwa kuongoza kwaya ya vijana, na wazazi wa Didier walikuwa wamekuja kuniposa. Nikasema nilikuwa naleta ujumbe tu. Nikageuka.

Nilirudi nyumbani nikajifungia kwa mkono wangu. Banza alipokuja kugonga, nilimjibu kupitia dirishani kwamba Papa ameondoka na ufunguo. Kitasa kilikuwa upande wangu, ningekifungua kwa kidole. Nilimwangalia akikimbia kurudi, na bado ningeweza kutoka nikamfuata. Nilikaa.

Papa aliporudi jioni aliuliza: "Alikuwaje?" Nikamwambia alikuwa vizuri. Akauliza walipiga nini, nikatunga. Nikamwambia watu walisimama wakapiga makofi. Alifurahi, Yaya. Miaka mingi alikuwa anawasimulia wageni habari za tamasha lile kwa maneno yangu ya uongo, kana kwamba na yeye alikuwepo. Na mimi pia. Mji mzima ulikuwa pale, kila mtu anaponiona ananiambia, wewe dada wa Numbi, bila shaka ulikuwa mbele kabisa, na mimi nasema ndiyo. Nimewasimulia hata wanafunzi wangu. Kila mtu aliyenihadithia kipande, nilikiongeza kwenye kipande changu. Barua yako imeniletea vipande vingine, na nilipokuwa nasoma nilijikuta navipanga navyo. Hapo niliogopa.

Papa alipokuwa anaumwa mara ya mwisho, aliniuliza amekukosea nini hata huji. Nilijua. Nilimwambia njia ni mbaya, kuna watu wenye silaha Nyunzu. Alisema, basi asije, asihatarishe maisha. Alikufa akidhani unaogopa njia.

Wewe ulidhani alinifungia, yeye alidhani unaogopa, na mimi niliyejua yote mawili nilikuwa naosha mashuka. Ningeweza kukuandikia wakati wowote. Kila mwaka ulipopita, ikawa vigumu zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Sikuombi kitu.

Evodie

*

Kabalo, tarehe 7 Julai 2024

Mama Evodie,

Mie njo Banza, mwenye alikuwa anapiga batri. Nakuandikia na Numbi hajui.

Unangojea jibu lake tangu mwezi wa ine, najua. Barua yako alisoma mbele yangu. Alipomaliza aliikunja, akaweka mufukoni, akaenda kukaa kule kando ya muto. Tangu ile siku hataje jina yako, na ya Mzee pia hataje. Anakula kidogo tu.

Kuna kitu alikuficha. Alikuandikia kama tunapiga kila Yumapili. Hapana, Mama. Kwa Noeli ya mwaka jana alianguka mu kanisa, upande wa kushoto ukakufa. Mudomo umerudi, muguu anaukokota, lakini mukono wa kushoto haupone. Kwa gitaa, ule mukono njo wenye kazi yote. Toka ile Noeli hatuyapiga hata mara moja. François naye macho yamepunguka sana. Mie tu niko muzima, na batri yenyewe sina tena, napiga madumu na sahani ya chuma.

Na mie niko na langu la kukuambia. Ile siku kwa dirisha, niliona kitasa. Niliona kiko kwa ndani. Nilikuwa kijana, nilikuwa na haraka ya kurudia kwa batri, nikapeleka maneno vile uliniambia. Kila mara Numbi alikuwa anamulaani Mzee, mie niko pale, nanyamaza. Basi kama unahesabu makosa, usijihesabu peke yako.

Muganga anasema ikimupiga tena, itamumaliza. Kama unataka kumuona anashika gitaa mbele ya watu, kuja mbele ya mvua kuanza. Nimeongea na François. Tutafanya mu kiwanja changu, Yumapili tarehe 25 mwezi wa munane, saa tisa. Nimeshaambia watu, namna asiweze kukataa.

Banza

*

Kalemie, tarehe 2 Agosti 2024

Papa Banza,

Nimepata barua yako. Shule iko likizo, nitapanda treni ya kwanza itakayotoka. Kama nikichelewa, anzeni. Msinisubiri.

Usimwambie kwamba nakuja kuomba msamaha, maana atakwenda kujificha. Mwambie nakuja kuwaona Fils Nus.

Hilo la kitasa nimelisoma. Nilitaka kukukasirikia nikashindwa.

Evodie

*

Kabalo, tarehe 9 Septemba 2024

Evodie,

Umeondoka wiki mbili sasa. Siku tatu ulizokaa hapa tuliongea habari za maji, za Laure, za bei ya mihogo. Usiku wa mwisho ulinifulia shati. Pale stesheni ulinishika mkono wa kushoto, ule usiosikia, nikashindwa kujua kama uliubana.

Mkono wa kulia bado unaandika. Kwa hiyo nakuandikia nilichoshindwa kusema.

Kwanza, Papa. Siwezi. Nimejaribu kumlilia. Nilikwenda mpaka mtoni peke yangu, nikasema jina lake kwa sauti, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Nilimchukia miaka thelathini na mitano, na sasa umeniondolea ile chuki, na chini yake nilidhani nitamkuta yeye. Hayupo. Kuna shimo tu. Natafuta sura yake, naona viatu ulivyoandika kwamba alivifuta, na hivyo viatu mimi sikumwona akivifuta.

Na wewe sijakusamehe. Nilitaka, kwa sababu wewe njo ndugu niliyebaki naye. Labda kungekuwa na miaka mbele yangu ningefika pale. Banza naye, aliponikiri habari ya kitasa, nimemwambia hivyo hivyo.

Pili, lile tamasha. Nilikuona umekaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Tulipomaliza ulinipigia makofi, lakini ulipiga kama mwalimu anavyompigia mtoto aliyekosa hesabu. Wengine walilia, walinikumbatia, walisema mambo mengi. Wewe ulisema: "Asante, Yaya." Nataka uniambie ulisikia nini. Unajua mwenyewe kwa nini nakuomba usinidanganye.

Numbi

*

Kalemie, tarehe 6 Oktoba 2024

Yaya Numbi,

Shule imefunguliwa. Madarasa mawili ya chini bado yana maji, tunafundisha kwa zamu. Nyumba ya Papa ukuta wa nyuma umelala. Nakuambia haya kwanza kwa sababu mkono wangu unakwepa lile uliloniuliza.

Haya. Nitakuandikia nilivyoona, bila kuongeza.

Kiwanja cha Banza kilikuwa na watu kama sitini. Wengi ni wa rika letu. Wengine walikuwa wamekuja kutoka ng'ambo ya mto kwa mitumbwi, na wengi wao walikuwa vijana Kalemie mwaka ule, wakafuata kazi za reli wakabaki Kabalo. Jenereta ilikuwa nyuma ya choo na ilisikika kuliko bafle. François alishikwa mkono mpaka kwenye kiti chake. Wewe ulikuwa umekaa, gitaa juu ya mapaja, na Banza akaubeba mkono wako wa kushoto akauweka kwenye shingo ya gitaa, kidole kimoja kimoja, kama unavyomvisha mtoto soksi.

Mlianza. Nilisikia madumu ya Banza. Nilisikia besi, lakini haikuwa inakwenda pamoja na madumu. Gitaa yako ilitoa sauti mbili, tatu, kisha mkono ukateleza. Uliuinua kwa mkono wa kulia, ukaurudisha. Ukapiga tena. Ukateleza. Hakuna aliyeimba, maana Éliézer hayupo, na mikro mliiacha imesimama mbele bila mtu. Haukuwa muziki, Yaya. Sisemi kwa ubaya. Walikuwa wazee watatu wagonjwa wanatafuta kitu walichokiweka mahali fulani, wamesahau wapi.

Nilikuwa nimengoja miaka thelathini na mitano. Nikajiambia, ngoja, wimbo unaofuata. Na ule uliofuata ukawa hivyo hivyo.

Halafu ikafika ile pahali ya wimbo wa mwisho, uliyoniandikia, ambapo gitaa inabaki peke yake na kupanda. Banza alinyamaza. François alinyamaza. Ulipiga uzi mmoja, mkono ukaanguka kabisa, na hukuuinua tena. Ikabaki jenereta tu inanguruma. Nilitamani kusimama nikuondoe pale.

Pembeni yangu alikuwa amekaa Mama Chérie, yule anayeuza maandazi stesheni. Aliniambia mapema kwamba siku ile Kalemie alikuwa na miaka kumi na tano na aliangalia kutoka dirishani, amekaa mabegani kwa kaka yake. Alifumba macho akaanza kuimba ile sehemu ya gitaa kwa mdomo. Hakuna maneno, ni sauti tu, inapanda. Na mwanaume wa nyuma akaingia. Na wengine. Kiwanja chote, Yaya, watu wenye mvi, wote kwa sauti moja, wanapanda ngazi ile ile, kila mtu anajua inakatia wapi na inapinda wapi. Walipofika juu wakanyamaza wote pamoja, Banza akapiga madumu, na wao wakaruka. Wenye magoti mabovu waliruka. Mama Chérie alikuwa analia, akanishika bega, akasema: "Njo hivi! Njo hivi walikuwa!"

Nilimwitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa nimefunga mdomo, kwa sababu sikujua ule wimbo unakwenda wapi.

Umeniuliza nilisikia nini. Nilisikia jenereta, madumu, na watu wanaimba kitu wanachokumbuka. Mkono wako ulipoanguka, wao hawakuuona ukianguka. Walikuona wewe wa mwaka ule, umevaa shati la bluu lililokatwa mikono. Niliangalia nyuso zao, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa anawaona Fils Nus, pale pale, mbele ya macho yangu. Katika kiwanja kile chote, niliyewakosa nilikuwa mimi peke yangu.

Mudogo wako,
Evodie